Mtani wa Kitonga

Wahenga walisema kuwa mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo niliikariri darasani na kuiandika kwa mwandiko mzuri, lakini maana yake sikuionja mpaka siku moja ya Desemba 1976. Hiyo ilikuwa siku ya kwanza ya safari yetu ya kwenda Songea kwa motokaa, nami nilikuwa na umri wa miaka 12.

Mimi na dada zangu wawili tulizaliwa Temeke, Dar es Salaam. Baba yetu alikuwa Mngoni, karani wa bandarini, mtu mpole na mkimya. Mama yetu alikuwa Mzaramo. Nyumbani petu tulisema Kiswahili tu. Siku moja ililetwa barua iliyoandikwa na mwalimu wa kijijini kwa niaba ya Bibi, mama yake Baba. Ilisema: "Mimi ni mgonjwa. Niletee watoto wako niwaone kabla macho yangu hayajafumba." Baba alikuwa hajakanyaga kwao kwa miaka tisa. Aliisoma barua ile mara moja, akaikunja, akaitia katika mfuko wa shati, na kwa juma zima maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Kisha akaenda kwa Baba Mkubwa kuazima motokaa.

Furaha ya safari ilikuwa kubwa, lakini mimi nilikuwa na hofu yangu ya siri. Bibi hakujua Kiswahili ila maneno machache, nami Kingoni sikujua hata salamu. Nilimwuliza Mama, "Nikifika nitamwambia nini Bibi?" Akanijibu, "Mwulize baba yako." Sikuthubutu.

Tuliondoka saa kumi alfajiri. Nyuma tulipakia sukari, sabuni, chumvi, nazi na bahasha ya kanga. Miguuni pa Mama kulikuwa na kikapu cha maandazi na chupa ya chai. Tulipita Kibaha, tukavuka mto Ruvu, na tulipofika Chalinze jua lilikuwa limechomoza. Huko njia zinaachana: moja yaenda Tanga na Moshi, nyingine Morogoro. Morogoro tulikuta milima ya Uluguru imejitanda mawingu. Mbele yake tukaingia mbuga ya Mikumi, ambamo tembo walisimama kando ya lami kana kwamba barabara ni mali yao. Malori ya Zambia yalitupita yakinguruma. Baba alituambia kuwa bomba la mafuta linalokwenda nchi hiyo, lililojengwa mwaka 1968, nalo lafuata njia hiyo hiyo. Akanyamaza tena. Kila tulipopumzika niliuona mkono wake ukigusa mfuko wenye barua.

Huko Mbuyuni, katika bonde la Ruaha lililojaa mibuyu, joto lilikuwa kali mno. Maji yote ya debe letu tuliyanywa, tukajinawa nyuso kwa yaliyobaki. Hatukujua tulilolitenda. Saa tisa alasiri tulianza kupanda mlima Kitonga. Barabara pale imechongwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja ni jabali, upande wa pili ni korongo. Kabla hatujafika kileleni mvuke ulifoka mbele yetu. Baba aliegesha pembeni, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akafungua boneti. Mpira wa maji ulikuwa umepasuka na rejeta imekauka. Aliketi juu ya jiwe, akaitoa ile barua, akasema kama mtu asemaye na nafsi yake, "Tutachelewa."

Punde si punde akaja mzee mmoja akisukuma baiskeli yenye debe la maji. Baba alimwamkia kwa heshima, akamwomba amwuzie maji. Mzee akauliza, "Wewe ni mtu wa wapi?"

"Mimi ni Mngoni, Mzee, naenda kwetu Songea."

Uso wa mzee ulibadilika. Aliikaza upya kamba ya debe lake. "Mngoni! Basi hakuna maji. Babu zako walikuja kuwaiba ng'ombe wa babu zangu, na deni hilo halijalipwa mpaka leo. Kunywa mate yako!"

Nilimshika Mama mkono nikitetemeka. Baba aliinuka polepole, akamtazama mzee kutoka kichwani hadi miguuni. "Ewe Mhehe," akasema, "babu zangu waliwaacha ng'ombe wale kwa huruma tu, maana waliwakuta babu zako wamejificha chini ya matumbo yao!"

Mzee alicheka hata akaishikilia baiskeli asianguke. Baba naye alicheka, na kicheko kile sikupata kukisikia Temeke hata siku moja. Walikuwa watani. Mzee alikata ukanda katika mpira wa ndani wa tairi kuukuu aliokuwa nao, akaufunga mpira wetu uliopasuka, akajaza rejeta maji. Alipomaliza, hakuomba ruhusa: aliinywa chai yetu yote, akachomoa kanga moja katika bahasha, akajitupia begani. Mama alicheka akasema, "Afadhali wewe, mtani wangu Mnyamwezi angechukua na bahasha yenyewe."

Ndipo Baba alipotueleza. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali tangu mwaka 1878 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880, na hakuna aliyemmaliza mwenziwe. Baadaye kila mmoja alipambana na Wajerumani: Wahehe wa Mkwawa waliwashinda huko Lugalo mwaka 1891, na viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea mwaka 1906 katika vita vya Maji Maji. Uadui wa kale uligeuka utani. Mtani hukutukana nawe huna ruhusa ya kukasirika. Huchukua chako nawe huwezi kumshitaki. Lakini siku ya msiba ndiye afanyaye kazi wakati wenye kufiwa wanalia.

Mzee aliuliza habari za safari yetu, na Baba akamweleza kuhusu barua. Mzee alinyamaza. Kisha akapanda njia ya miguu iliyoelekea nyumbani kwake, akarudi na kuku jike amefungwa miguu, akanikabidhi mimi. "Kijana," akasema, "mwambie bibi yako kwamba Mhehe wa Kitonga anamkataza kufa kabla hajalipa ng'ombe. Kuku huyu ni wa kumpa nguvu ya kuwaswaga."

Tulipita Lugalo gizani, tukafika Iringa usiku, tukalala kwa rafiki yake Baba. Baridi ya huko ilikuwa ngeni kwetu. Baba alikuja kunifunika blanketi, akaniuliza, "Mbona unasema peke yako?" Nikamjibu kuwa nakariri ujumbe wa mzee, maana Kingoni sijui, na sina neno jingine la kumwambia Bibi. Alikaa kitandani kwa muda mrefu. "Hata mimi naogopa," akasema. "Miaka tisa ni mingi. Basi tutaanza na kuku."

Tulimkuta Bibi yu hai. Nilisimama mbele ya kitanda chake, nikautoa ujumbe kwa Kiswahili, na Baba akaufasiri kwa Kingoni. Bibi alicheka mpaka akakohoa, akawatukana Wahehe wote, akanivuta mkono nikakaa karibu naye. Kuku yule hakukubali achinjwe. Aliishi mpaka masika yaliyofuata.

Siku hizi basi huondoka Dar es Salaam alfajiri na kufika Songea usiku wa siku ile ile, na abiria aweza kumaliza njia nzima bila kumwuliza jirani yake atoka wapi. Mimi humwuliza. Akiwa Mhehe, humdai chai. Wako vijana wanaosema kuwa utani ni matusi ya wazee yaliyopitwa na wakati. Nawaomba watazame tena. Babu zetu walikuwa na damu ya kulipizana, wakachagua kulipizana kwa kicheko na kwa kuzikana. Nasi wajukuu, ambao lugha za bibi zetu zimetuponyoka, tuliupokea urithi huo kwa Kiswahili, kando ya barabara, pamoja na kuku mmoja.