Nilimfundisha Chui Kuogopa

Nilimnunua mbwa wangu Chui akiwa na wiki 5. Aliyeniuzia alimtoa kwenye boksi, akamwinua kwa ngozi ya shingo, akaniambia, "Mama, huyu ni jamani shepadi halisi. Mama yake hapitiki." Nililipa bila kuuliza swali la pili. Mwezi ule wezi walikuwa wameingia kwangu mara mbili, wakanibebea kuku wa mayai 46 na betri ya sola. Nilichotaka ni mbwa ambaye mtu akimsikia tu, anageuza njia.

Naishi pembeni mwa Usa River, nje ya Arusha, na mtaani kwetu kila mtu anajua namna ya kumfanya mbwa awe mkali. Mfungie bandani mchana kutwa asizoee watu. Asilishwe na mwingine ila wewe. Mtilie pilipili kwenye ugali. Niliyafuata yote. Banda nililijenga kwa mabanzi yaliyobanana, asione barabara hata kwa upenyo. Pilipili nilimtilia siku 3, nikaacha alipoanza kuharisha. Nayaandika haya kwa uchungu, kwa sababu najua wako wanaoyafanya leo hii, tena kwa nia njema kabisa kama niliyokuwa nayo mimi.

Alipotimiza miezi 3 nilipata nilichokiomba. Mleta pumba alisimama nje ya geti na gunia lake. Kijana wa maziwa aliacha kuingia, akawa ananipigia simu kutoka barabarani. Chui akiwa anakula, ukipita hata hatua tano kutoka alipo, mwili mzima ulikakamaa, jicho likakutazama kwa upande, na mngurumo ukatoka huku bado anameza. Majirani walimsifia. Mimi pia nilijivuna.

Jumapili moja mdogo wangu alikuja na mwanawe wa miaka 6. Mpira ukabingirika hadi karibu na bakuli, mtoto akainama kuuokota. Chui alimdaka chini ya kidole gumba, na hakuachia mpaka nilipommwagia ndoo ya maji. Matundu manne. Tuliuosha mkono kwa sabuni chini ya bomba kwa dakika 15, tukakimbilia kituo cha afya, na mtoto akaanza sindano za kuzuia kichaa cha mbwa, maana Chui hakuwa amechanjwa. Uzembe huo ulikuwa wangu, si wa mtu mwingine. Mdogo wangu hakunigombeza. Usiku aliniuliza tu, "Dada, mbwa huyu unamfugia nani?"

Shemeji alitaka auawe siku ile ile. Daktari wa mifugo alikataa: mbwa aliyeng'ata afungwe, aangaliwe siku 10, ijulikane kama ana kichaa au hana. Siku hizo 10 ndizo zilizomwokoa. Zilipokwisha akiwa mzima, daktari alinielekeza kwa mzee mmoja mstaafu, aliyefanya kazi miaka mingi katika kikosi cha polisi cha mbwa na farasi.

Mzee alipofika sikuamini macho yangu. Hakulisogelea banda. Aliniomba nifungue mlango, Chui akiwa kwenye kamba, kisha akageuza ndoo, akaikalia akiwa amempa ubavu, asimtazame kabisa. Nusu saa nzima tulizungumza habari za kahawa na mvua. Ndipo akasema, "Sasa mwangalie mkia, mama." Mkia ulikuwa umefichwa tumboni. Masikio yamelala nyuma, uzito wote umeegemea miguu ya nyuma, kama mtu anayetaka kukimbia na hana pa kukimbilia. "Unasema mkali. Huyu anaogopa. Umemlea gizani, na sasa kila anachokiona nje ni jini."

Akanieleza kwamba mtoto wa mbwa, kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12 au 14 hivi, ndiyo kwanza anaipokea dunia. Watu, watoto, pikipiki, mwavuli, mwenye fimbo: anavyovikuta kwa amani wakati huo, huvihesabu kuwa vya kawaida. Baada ya hapo mlango unaanza kujifunga, na kila kigeni ni adui mpaka ithibitike vinginevyo. Na kwa kumchukua akiwa na wiki 5 nilikuwa nimemnyang'anya somo jingine. Watoto wa mbwa wakicheza, mmoja akibana meno kupita kiasi, mwenzake hulia na mchezo hukatika. Hapo ndipo hujifunza kupima taya zao. Kumwacha na mama na nduguze hadi wiki ya 8 kungemtosha.

Nilianza kusoma mwenyewe. Nikajua kwamba aina hii ya jamani shepadi ilianzishwa Ujerumani mwaka 1899 na Max von Stephanitz, naye alitaka mbwa wa kuchunga kondoo: wa kushinda anazunguka kundi lisiingie shamba la jirani, huku amemtegea mchungaji sikio. Mbwa wa kazi ya mchana kutwa, kati ya watu na mifugo, ndiye niliyemfungia ndani ya mabanzi.

Kazi ya kwanza ya kumfundisha upya ilikuwa bakuli. Nilipita mbali, pale ambapo bado hajakakamaa, nikarusha kipande cha firigisi kitue karibu na chakula chake, nikaendelea na safari yangu. Asubuhi na jioni. Wiki ya pili nikakaribia kwa hatua moja. Wiki ya nne aliinua kichwa nilipokuja, na mkia ukatikisika mara mbili, taratibu. Niliingia ndani nikalia. Alikuwa ameanza kuelewa kwamba mguu wa mtu ukija, unaleta, hauchukui.

Kazi ya pili ilikuwa barabara. Baada ya chanjo zake tulikaa chini ya mgrevilea, mbali na njia. Bodaboda ikipita, nilimpa dagaa. Mama mwenye ndizi kichwani, dagaa. Akibweka nilijua nimemsogeza kupita uwezo wake, nikarudi nyuma bila kumpiga wala kumkaripia. Jirani yangu bibi mmoja Mwislamu alikuwa na wasiwasi na udhu wake, nami nilidhani mpango umekwama. Mzee akanitoa hofu: "Si lazima ashikwe na mtu. Anatakiwa awaone tu wakipita na lisimpate baya." Hivyo bibi alikuwa anapita upande wake wa barabara, ananisalimu kwa sauti, anaendelea. Alinisaidia kuliko wote waliotaka kumpapasa.

Ilichukua miezi 8, kwa sababu nilianza mlango ukiwa umeshajifunga nusu. Mpaka leo hapendi mtu aliyebeba gunia, na wageni wakija na watoto namfunga kwanza. Simwachi peke yake na mtoto yeyote, na sitamwacha. Usiku anabweka mtu akikaribia uzio, nikimwambia "basi" ananyamaza na kuja kusimama kando yangu. Tangu hapo sijaibiwa kuku.

Wewe ambaye una mtoto wa mbwa bandani sasa hivi, na chanjo zake hazijakamilika, usimshushe chini njiani. Mbebe mikononi, ukae naye getini dakika 10 jioni ya leo, watu wapite awaone. Na akitimiza miezi 3, mpeleke akachanjwe kichaa cha mbwa.