Giza Lifuatalo Mwezi Mpevu



Ijumaa moja tuliondoka Doha baada ya Alasiri, tukapita Mesaieed, tukashika njia ya mchangani kuelekea Khor Al Adaid, pale bahari ilipojipenyeza ndani ya jangwa karibu na mpaka wa Saudia. Ilikuwa tarehe 17 ya mwezi mwandamo. Tulipokwisha kusali Magharibi na kuwasha makaa, giza lilitufunika, kwani mwezi ulikuwa bado haujachomoza.

Mara kijana wetu akapaza sauti: "Baba, macho!" Katika mwanga wa kurunzi yaling'aa macho mawili ya mbweha aliyevutwa na harufu ya mishikaki. Nikamweleza kwamba nyuma ya jicho lake mna utando urudishao nuru, hata mwanga hafifu ukamfaa mara mbili. Na kwa masikio yale makubwa husikia panya akitembea mchangani.

"Na simba wa kwa Bibi?" akauliza. Bibi yake anakaa Rufiji.

Swali hilo si la mchezo. Mwaka 2011 Craig Packer na wenzake walitoa uchunguzi wa mashambulio karibu 500 ya simba dhidi ya watu, kusini-mashariki mwa Tanzania, kati ya mwaka 1988 na 2009. Walibaini kwamba hatari huzidi katika siku zifuatazo mwezi mpevu, saa za mwanzo wa usiku. Simba huwinda kwa kunyemelea. Mbalamwezi humfichua, mawindo yakamkimbia, naye akashinda na njaa. Baada ya tarehe 15, mwezi huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50 kila usiku. Giza hurejea baada ya Magharibi, na watu wangali njiani wakitoka mashambani.

Watoto wetu wamelelewa chini ya taa za Doha, hawalijui giza. Waendapo likizo na kuambiwa na wazee, "Ingieni ndani mapema," hudhani ni ukali tu. Basi tuwafundishe kuhesabu mwezi, si kwa ajili ya Ramadhani na Idi peke yake.

Mwezi ulipochomoza, mbweha alikuwa amekwisha kutoweka. Kijana wangu akauangalia kitambo, kisha akaniuliza tutafika kwa Bibi mwezi ukiwa wa siku ngapi.