"Babu, Uso Wangu ni Haramu?"



Mwezi uliopita nilifunga safari hadi Nyanchwa, kando ya mji wa Kisii, kumzuru binti yangu aliyeolewa huko. Sikuwa nimemaliza chai nikaambiwa kwamba mwalimu anamwita mzazi. Mjukuu wangu wa Gredi ya Nne alikuwa amekataa kumaliza kazi ya Sanaa, somo lililopewa nafasi yake na Mtaala wa Umilisi ulioanza kutekelezwa nchini 2019. Nikasema nitakwenda mimi.

Kazi yenyewe ilikuwa hii: kila mtoto alete kioo kidogo, ajitazame kwa makini, kisha ajichore kwa penseli. Mwalimu, mama mpole wa Kisabato, alinionyesha michoro iliyobandikwa ukutani. Akanieleza kwamba watoto wengi huyachora macho juu mno, karibu na nywele, mpaka wajipime kwa vidole na kugundua kwamba macho yako katikati ya kichwa. Nami, na ndevu zangu za mvi, nikajikuta napapasa utosi na kidevu. Kweli, yako katikati.

Mchoro wa mjukuu wangu ulikuwa na mtandio uliochorwa kwa ustadi, mkunjo kwa mkunjo, na ndani ya mtandio karatasi nyeupe. Hapakuwa na jicho wala pua. Mwalimu alihofu kwamba mtoto ana huzuni. Nikamwambia la, aliyemfundisha ni mimi. Likizo iliyotangulia nilimsomesha hadithi zinazowaonya vikali wenye kutengeneza sura za viumbe wenye roho, na jinsi Ibn Abbas alivyomwelekeza mchoraji achore miti. Mtoto alishika.

Njiani akaniuliza: "Babu, uso wangu ni haramu?"

Nilisimama pale pale barabarani. Miaka thelathini ya kusomesha, na sikuwahi kulisikia somo langu likinirudia kwa sauti ile. Nilimpa katazo nikasahau kumwambia kwanza kwamba Mola amemuumba mwanadamu katika umbo lililo bora, na kwamba tukijitazama kiooni twamwomba aipambe tabia yetu kama alivyoipamba sura yetu.

Usiku sikulala mapema. Wanazuoni wengi, wakiwemo wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, wamelikaza jambo hili. Wako walioona kwamba kilichokatazwa hasa ni sanamu yenye kivuli. Na wengi wamewaruhusu wanasesere wa watoto, kwani Bibi Aisha alichezea wake nyumbani kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, naye hakumkataza. Mimi naona mchoro wa mtoto darasani uko karibu na wanasesere hao kuliko masanamu. Asiyeridhika simlaumu, ila amwendee mwalimu mapema, asimwachie mtoto kuibeba fatwa peke yake mbele ya wenzake. Mwalimu yule alikuwa radhi kupokea mchoro wa mkono uliotiwa hina badala ya uso.

Nilimweleza mjukuu wangu yote, nikamwachia yeye na mama yake. Asubuhi alikaa mlangoni na kioo, akaanza na macho, katikati. Pua ilimshinda, aliifuta hata karatasi ikatoboka, akachukua nyingine. Ya pili aliipeleka shuleni. Ile iliyotoboka alinipa mimi. Sijaitundika, maana chumbani mwangu naswali. Nimeikunja ndani ya daftari hili ninaloandikia.