Mwezi Mzima Nikipiga Picha Kipupwe cha Dodoma

Wadau, tuseme ukweli: theluji wengi wetu tunaijua kwa kidole gumba tu. Unaperuzi Instagram kitandani, unakutana na visiwa vya Lofoten kule kaskazini mwa Norway, milima myeupe, vibanda vyekundu vya wavuvi, unabonyeza laiki, unapita. Kumbe kule Desemba jua halichomozi kabisa kwa karibu wiki nne, na bado wapiga picha wanafunga safari kwenda kugandishwa na baridi, mradi wapate mwanga wa saa chache.

Mimi nauli ya Norway sina. Nina kamera ya mtumba, lenzi mbili na chumba cha kupanga hapa Dodoma, na naishi kwa harusi na sendofu. Ila na sisi baridi tunayo, jamani. Julai usiku joto linashuka hadi kama nyuzi 13, upepo unavuma kutwa nzima, midomo inapasuka, na mvua umeshaisahau tangu Aprili.

Kilichonipa hasira ya kutoka ni dada mmoja maarufu, jina kapuni. Alishuka na treni ya umeme kutoka Dar, akapiga picha mbele ya mbuyu, akaandika yupo jangwani. Watu wakacheka hadi basi. Sasa sikia: jangwa halipati hata milimita 250 za mvua kwa mwaka. Dodoma tunapata kama 550 hivi, ila karibu zote zinamwagika kati ya Desemba na Aprili, halafu mbingu inafunga duka. Na mbuyu kukosa majani haina maana umekufa. Unayapukutisha wenyewe ili usipoteze maji ambayo umeyaweka akiba kwenye shina. Umejipanga kuliko wengi wetu tarehe 20 ya mwezi.

Basi Julai nzima nikawa naamka saa 11 alfajiri, nafunga kitenge juu ya sweta, natafuta bodaboda. Jua linachomoza saa 1 kasorobo hivi. Na hapa kuna siri ya mwanga: mwezi huo jua lipo upande wa kaskazini, hata mchana halikukalii utosini. Vivuli vinabaki, kila jiwe linaonekana umbo lake. Jioni vumbi lililotanda hewani linafanya jua liwe jekundu kama kaa la moto, unaliangalia tu bila kufumba macho.

Nilipanda mlima Mlimwa, nikaenda bwawa la Hombolo, nikaenda Mvumi kwenye mibuyu. Wiki ya tatu nikafika Kolo, Kondoa, kwenye ile michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Twiga na watu wamechorwa kwa rangi nyekundu. Yaani kuna watu waliiona nchi hii wakaona inafaa kuchorwa, zamani sana, kabla yetu na filta zetu.

Kondoa hiyohiyo ina somo lingine. Ardhi yake ilikuwa imeliwa na makorongo kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Miti ikarudi. Leo ukiona vilima vile vyenye vichaka hutaamini kabisa, labda mtu akuonyeshe picha ya kabla.

Nikiwa bado huko, mteja mmoja anayeuza viwanja pembezoni mwa jiji akanipigia. Nilikuwa nimempigia picha za eneo lake. Alitaka nizirudie kwenye kompyuta: nyasi ziwe kijani, mbuyu uliopo katikati uondoke. Angeongeza laki tatu. Na mimi kodi ya chumba ilikuwa inaniita kwa jina. Nikamwambia kijani cha kweli kipo, asubiri Februari nitampigia. Akacheka. Kazi akampa kijana mwingine, ikaisha ndani ya saa moja, na tangazo linatembea hadi leo likiwa na majani kama uwanja wa mpira.

Mbuyu wenyewe nikaurudia wiki ya mwisho, bila mteja. Pale nikamkuta mzee mmoja amekaa kwenye mzizi. Nikampa shikamoo, nikaongeza na "mbukwa", Kigogo changu chote hicho.

"Marahaba. Unaupiga picha wa nini, mjukuu wangu? Hauna hata jani."

"Ndivyo ninavyoutaka, babu."

Akanyamaza kidogo. "Basi upige vizuri. Hapa pameshauzwa. Mwezi wa nane hautaukuta." Akaniambia mama yake alikuwa akiwakalisha chini ya mbuyu huo, anawagawia ubuyu punje kwa punje ili wasigombane.

Nikapiga hadi jua likazama. Nikaisafisha moja kubwa, nikaitia fremu, nikampelekea nyumbani kwake. Mimi nilitegemea atautazama mti. Hakuutazama. Alisogeza uso karibu na kioo, akaweka kidole pembeni kabisa, kwenye mstari mweupe unaopita nyuma ya matawi makavu. Mimi hata sikuwa nimeuona.

"Njia yetu ya ng'ombe," akasema. "Wakati wa majani haionekani. Umeipata mpaka na njia."

Agosti nikapita tena pale. Mbuyu umelala chini, shina lina nyuzinyuzi zilizolowa kama katani iliyotolewa kwenye maji, na bikoni nne mpya za zege zinang'aa. Picha ipo sebuleni kwa mzee, ukutani, pembeni ya kalenda. Ile niliyoiposti mimi ilipata laiki 41, mojawapo ya mama yangu.

Julai ijayo narudi porini. Kama unajua mbuyu, mlima au njia kuanzia Bahi hadi Kongwa ambavyo vimeshawekewa bikoni, niambie mapema. Nije wakati hauna majani.