Saruji Isiyokuwapo

Nilitia saini kwamba nimepokea saruji na mabati. Sikupokea hata mfuko mmoja.

Nilikuwa nadaiwa na wauzaji wa jumla Kariakoo, na nilichotaka ni fedha taslimu. Benki ya Kiislamu niliyokuwa mteja wake ilinieleza wazi kwamba yenyewe haikopeshi fedha: nitaje bidhaa, iinunue, kisha iniuzie kwa faida inayojulikana, nami nilipe kwa awamu. Ndiyo murabaha. Nikaenda kwa rafiki mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaniandikia profoma, yaani hati ya bei, ya saruji na mabati. Benki ikamlipa, naye akanikabidhi fedha zile baada ya kukata chake. Stoo haikufunguliwa, gari halikupakiwa. Ofisa wa benki hakuja kukagua, lakini hilo halinipunguzii kitu. Saini ni yangu.

Katika benki ya kawaida, ukikopa shilingi milioni 10 unarudisha hizo pamoja na riba, na ukichelewa deni linazidi kupanda. Katika murabaha, kwa muda fulani, hata uwe mfupi, saruji ni mali ya benki. Ikinyeshewa kabla sijakabidhiwa, hasara ni ya benki. Kwa kuibeba hatari hiyo ndipo inapopata haki ya kuuza kwa milioni 11 na nusu kitu ilichonunua kwa milioni 10. Bei ikishaandikwa haiongezeki. Hata faini ya mchelewaji, kwa viwango vya AAOIFI, shirika la Bahrain linaloweka kanuni za fedha za Kiislamu, huenda kwenye sadaka, haiwi pato la benki.

Sasa iondoe saruji. Kinachobaki ni milioni 10 leo kwa milioni 11 na nusu baadaye. Hiyo ni riba, na aliyeiingiza ni mimi. Mwaka 2009 Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilikutana Sharjah likakataza tawarruq ya kupangwa, ambamo bidhaa hununuliwa na kuuzwa haraka haraka ili mteja aondoke na fedha mkononi. Huko walau bidhaa ipo. Kwangu haikuwapo kabisa.

Kosa lililofuata ndilo linaloniumiza zaidi. Barazani, baada ya sala ya Isha, nikawa nawaambia watu kwamba benki za Kiislamu ni zile zile, riba imevalishwa kanzu tu. Waliniamini kwa sababu nilisema nimekopa huko na nayajua ya ndani. Shemeji yangu, aliyetaka kununua vyerehani kwa murabaha, akaacha na kuchukua mkopo wa riba. Biashara ilipoyumba akashindwa marejesho, na deni likawa linakua mwezi hadi mwezi. Kwa murabaha, angedaiwa bei ile ile aliyoisaini.

Lawama za haki zipo, wala sizifuti. Benki nyingi za Kiislamu hupanga faida yao zikitazama kiwango cha riba sokoni. Ahmad El Najjar, mmoja wa waasisi wa benki za Kiislamu, alipoanzisha benki ya akiba ya Mit Ghamr, Misri, mwaka 1963, alikusudia benki ishirikiane na watu wa kawaida katika shughuli zao. Nyingi za leo zimeegemea murabaha na kuiacha pembeni mudharaba, ambamo mwenye mtaji hugawana faida na mfanyabiashara na hasara ya mtaji huibeba mwenyewe. Anayetaka kuzihoji benki ahoji hapo. Mimi sikuhoji. Nilighushi, kisha nikaisingizia benki kosa langu.

Shemeji nimemweleza yote na kumwomba radhi. Benki nayo nimeiambia. Nyinyi mlionisikiliza barazani, nawaomba radhi: mkataba niliokuwa nawasimulia nilikuwa nimeuvunja mwenyewe. Na wewe ambaye leo rafiki anakuandikia profoma ya mzigo usiokuwapo, irudishe karatasi hiyo kabla hujatia saini.