Sanduku la Chujio la Hewa

Katika nchi za baridi nyumba hufungwa kama kasha. Hapa Minnesota, katika Marekani, ninakokaa na jamaa yangu, tangu Novemba hata Machi madirisha hayafunguliwi. Joto latoka katika tanuru la gesi lililo katika chumba cha chini ya ardhi. Ndani yake mna pangaboi, nalo huvuta hewa ya vyumbani kwa bomba pana la bati, huipitisha penye moto, kisha huirudisha juu. Basi hewa ile ile huzunguka pamoja na vumbi lake. Ndiyo sababu mbele ya pangaboi huwekwa chujio la karatasi yenye mikunjo.

Binti yetu mdogo ana pumu. Mwezi wa Juni, 2023, moshi wa misitu iliyoungua Kanada ulitufunika, naye hakulala kwa kukohoa. Chujio letu lilikuwa jembamba, la inchi 1, tena lilichezacheza mahali pake. Kando yake kidole kilipita. Na hewa, kama maji, hufuata njia nyepesi: hupita penye ufa, ikaliacha chujio.

Liko chujio bora, la kipimo kiitwacho MERV 13. Hilo hunasa walau nusu ya chembe zenye upana wa mikroni 0.3 hata 1, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe nyingi za moshi zi katika kadiri hiyo. Lakini karatasi yake ni nzito. Likiwa jembamba, hewa hupita kwa taabu, nalo tanuru huweza kupata moto kupita kiasi hata kujizima. Dawa yake ni unene: chujio la inchi 4 lina mikunjo mirefu na karatasi nyingi zaidi, na hewa hupita kwa raha. Ila masanduku yauzwayo hayakuenea kati ya tanuru letu na ukuta.

Kwa hiyo naliazimu kulitengeneza la kwetu. Kwanza nalizima umeme na gesi. Nikapima, nikakata bati, nikalikunja na kulifunga kwa riveti. Ndani nikatia reli mbili zenye ukanda wa sponji, chujio lipate kubanwa pande zote nne. Nikaweka na mlango wenye komeo. Kila kiungo nikakiziba kwa utepe wa alumini. Kuziba huku si urembo, maana pangaboi likinyonya hewa penye ufa, laweza kuvuta hewa ya sumu ya tanuru na kuieneza vyumbani. Fundi wa matanuru alikuja akakagua, ndipo tukawasha. Nikapitisha kijiti cha udi kando ya kila kiungo; moshi wake ukapanda wima, wala haukuvutwa ndani.

Baada ya miezi mitatu nalilitoa chujio. Uso wake ulikuwa mweusi, na bati la nyuma yake safi. Pumu ya mtoto haikuondoka, kwa kuwa chujio si dawa. Lakini siku nyingi hulala hata asubuhi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Atakaye hewa safi nyumbani mwake na atazame kwanza mahali chujio linapokaa, kisha ndipo aende dukani.