Vitabu Vipendwavyo

Sisi tukaao Mafia twajua ya kuwa kitu cha bara hakitufikii ila kwa chombo. Unga na saruji huvuka bahari kutoka Nyamisati hata Kilindoni, na vitabu vivyo hivyo. Mtu wa kwetu akitaka kitabu, mara nyingi humwagiza asafiriye kwenda Dar es Salaam, naye msafiri huuliza, "Kitabu gani?" Yafaa tulitazame swali hilo, maana duka la vitabu huishi au hufa kwa jibu lake.

Katika Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, liko duka la TPH, chini ya Mkuki na Nyota, kampuni ya vitabu iliyoanzishwa na Bwana Walter Bgoya mwaka 1991. Duka lisilo la serikali hula jasho lake lenyewe. Basi huuza vitabu vya namna mbili: vile vilivyoagizwa na shule, na vile ambavyo mtu hununua kwa kupenda. Vya kwanza hulipa kodi ya nyumba. Vya pili humrudisha mnunuzi siku nyingine.

Walakini kitabu kimoja chaweza kuwa cha namna zote mbili. Vuta n'kuvute cha Shafi Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1999, kimesomwa na wanafunzi wengi kwa ajili ya mtihani. Lakini habari za Yasmini, binti wa Unguja aliyeozwa kwa mume mzee, zimewashika hata wasio na mtihani wowote, na mwaka 2021 zikafanywa filamu.

Mwaka huo huo Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Kitabu chake Paradise kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, nasi watu wa pwani tukangoja miaka 28 ndipo tukakipata kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, kwa kazi ya Ida Hadjivayanis. Ni habari za Yusuf, mtoto aliyechukuliwa na tajiri kwa deni la babake. Tulipokisoma barazani jioni moja, wavuvi waliokuwa wakishona nyavu waliacha sindano zao. Mzee mmoja akauliza, "Je, babake alimkomboa?" Tukamwambia angoje kesho. Kesho yake tulimkuta amekwisha kuketi.

Mzee yule hakuwa na mtihani mbele yake. Bali vijana wetu wengi, wamalizapo kidato cha nne, hugawa vitabu vyao wala hawafungui kingine tena. Si kwamba hawapendi hadithi. Hawajapata kutiwa mkononi kitabu kisichokuwa na maswali ya kujibu.

Ndugu, mwenye duka huweka kile kinachoulizwa. Tukiuliza vya mtihani tu, ataweka vya mtihani tu, na mtungaji naye atatunga kwa ajili ya darasa peke yake. Bei ni kubwa, twajua; lakini haba na haba hujaza kibaba. Nyumba kumi zikichanga, kitabu kimoja chaweza kuzunguka kijiji kizima kabla ya masika. Basi safari ijayo ya chombo, pamoja na kitabu cha mtoto cha shule, tuagize na kimoja cha kusoma barazani.